Cheti Kimo Chini ya Neno Gani?

Mzazi wa Gombani, Chake Chake, anatafuta namna ya kupata cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Anafungua tovuti ya ofisi husika kwenye simu, anakuta: Mwanzo, Kuhusu Sisi, Idara, Machapisho, Matangazo, Wasiliana Nasi. Abonyeze wapi? Mtumishi wa ofisi hiyo atakwambia, bila kusita, Idara. Mzazi hajui idara; anajua shida iliyomleta.

Swali hili lina sayansi yake. Katika miaka ya 1990, Peter Pirolli na Stuart Card wa kituo cha utafiti cha Xerox PARC, California, waliazima nadharia ya wanabiolojia kuhusu jinsi wanyama wanavyotafuta chakula. Mnyama hupima kama windo linastahili jasho lake, na msomaji wa tovuti naye hupima hivyohivyo. Kila neno la menyu hutoa harufu ya kilichojificha nyuma yake. Harufu ikikolea, mtu anabonyeza. Ikififia, anafunga simu na kwenda mwenyewe ofisini. "Machapisho" halinukii cheti hata kidogo. "Omba cheti cha kuzaliwa" linanukia.

Halafu kuna suala la wingi. Mafundi wengi wa tovuti hushikilia kwamba menyu isizidi maneno saba, na humtaja mwanasaikolojia George Miller na makala yake ya 1956. Wanamsingizia. Miller alizungumzia vitu ambavyo mtu huweza kuvishika kichwani kwa muda mfupi. Menyu iko mbele ya macho, nani anaikariri? Mwaka 1998, watafiti Kevin Larson na Mary Czerwinski walizipanga kurasa 512 kwa namna tatu. Mpangilio wa ngazi tatu, kila ngazi ikiwa na machaguo manane, ndio uliowachelewesha watu zaidi. Ule wa ngazi mbili, machaguo 16 kisha 32, uliwafikisha upesi kuliko yote.

Anayetuma pesa kwa simu ameshaionja adha ya ngazi nyingi. Menyu zile za nyota 150 hupita kwenye USSD, mfumo wa mitandao ya simu ambao ujumbe wake mmoja hauzidi herufi 182, kwa hiyo orodha hukatwa vipandevipande, na ukichelewa kujibu muda unakwisha, unaanza upya. Pale ufinyu ni wa mtambo. Tovuti haina kisingizio hicho.

Ile alama ya mistari mitatu inayoficha menyu kwenye simu ni ya zamani: Norm Cox aliichorea kompyuta ya Xerox Star ya mwaka 1981. Kwa asiyeizoea ni pambo tu. Kuandika "Menyu" pembeni yake hakugharimu kitu.

Upimaji wa tovuti nao hautaki fedha nyingi. Watafiti Jakob Nielsen na Tom Landauer walikadiria kwamba watu watano tu wanatosha kufichua takriban asilimia 85 ya kasoro. Basi nyinyi mnaotengeneza tovuti za ofisi, kabla ya kukata utepe nendeni uwanja wa Gombani siku ya mechi, mwombeni mtu mmojammoja atafute cheti kwenye simu, kisha nyamazeni mtazame kidole chake. Akikwama msimwelekeze, rekebisheni menyu.