Mbwa Mlinzi na Mtoto Mwenye Pumu

Katika vibanja vya migomba vya Bukoba na Muleba mbwa si pambo la nyumba. Ndiye mlinzi wa usiku, ndiye awafukuzaye tumbili wanaposhuka kuharibu mahindi na ndizi, na ndiye amwarifuye mwenye nyumba kwamba mgeni ameingia njia ya migombani. Kwa hiyo wazazi wanapoona kwamba mtoto wao hubanwa na kifua kila achezapo na mbwa, hapo nyumba hugawanyika. Baba huuliza nani atalinda mali, na mama huuliza nani atakesha na mtoto anayetafuta pumzi.

Wote wawili wana haki. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba mara nyingi familia yaweza kupata mlinzi bila kumdhuru mtoto, mradi uchaguzi ufanywe kwa maarifa. Na kwamba ziko nyakati ambapo jibu la haki ni kutofuga mbwa kabisa.

MZIO NI NINI

Mzio ni hali ya kinga ya mwili kukiona kitu kisicho na madhara kwa watu wengi kuwa ni adui, na kupambana nacho. Mapambano hayo ndiyo yaletayo chafya, mafua yasiyokwisha, macho mekundu yanayowasha, vipele, na kwa mwenye pumu, kifua kubana na kutoa sauti ya filimbi.

Wengi hudhani kwamba kinacholeta taabu ni manyoya. Sivyo. Kiini cha mzio wa mbwa ni protini zilizomo katika mate yake, katika mkojo, na katika vigamba vidogo vya ngozi vinavyopukutika kila siku kama mba. Mbwa ajirambapo, mate hukauka juu ya manyoya, kisha vumbi lake huruka hewani na kutua katika nguo, mikeka na magodoro. Manyoya ni kichukuzi tu. Ndiyo maana mbwa akiondolewa leo, vumbi lake laweza kubaki ndani ya nyumba kwa miezi kadhaa.

Inafaa kukumbuka hapa desturi ya nyumba nyingi za Waislamu kumweka mbwa mlinzi nje, kwa kuwa mate yake ni najisi. Mwenye mzio, ingawa kwa sababu nyingine, hufikishwa kwenye kanuni ile ile.

HAKUNA AINA ILIYO SALAMA KABISA

Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Australia, Wally Conron, aliyekuwa akisimamia uzalishaji wa mbwa wa kuwaongoza vipofu, alipokea ombi la mwanamke kipofu wa Hawaii ambaye mumewe alikuwa na mzio wa mbwa. Conron alimpandisha Labrador na Poodle. Walizaliwa watoto watatu, na sampuli za manyoya na mate yao zikapelekwa Hawaii ili mume yule ajaribiwe. Ni mmoja tu kati ya watatu hao ambaye hakumdhuru.

Kisa hiki kina fundisho ambalo wafanyabiashara wa mbwa hawakulitangaza: ndugu wa tumbo moja walitofautiana. Aliyefaa ni mbwa mmoja, wala si aina yake nzima. Hata hivyo sifa ya mbwa wasio na mzio ilienea duniani, na mwaka 2009 ilipata nguvu zaidi pale familia ya Rais Barack Obama wa Marekani, ambayo binti yake mmoja ana mzio, ilipochagua mbwa wa maji wa Kireno aitwaye Bo.

Wanasayansi walipopima, sifa hiyo haikusimama. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2011 haukuona tofauti ya kiasi cha protini hiyo kati ya nyumba zenye mbwa wanaosifiwa na nyumba zenye mbwa wengine. Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi walipima manyoya yenyewe, wakakuta kwamba yale ya mbwa wanaosifiwa yalikuwa na protini nyingi zaidi. Hata Basenji, mbwa wa asili ya misitu ya Kongo, jirani zetu, ambaye ana manyoya mafupi na habweki kama wengine, naye ana mate na ana ngozi.

Basi mwananchi asiuze mbuzi wake ili kununua mbwa wa kigeni kwa ahadi hiyo. Mbwa wetu wa kienyeji, mwenye manyoya mafupi na aliyezoea mvua na chakula cha hapa, si duni kwa jambo hili.

TUSIMHUKUMU MBWA BILA USHAHIDI

Mji wa Bukoba hupata mvua ya kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka. Unyevu huo huleta kuvu ukutani na hulea wadudu wadogo sana wa vumbi wakaao ndani ya magodoro. Kuna pia moshi wa kuni, nyasi kavu zitandikwazo sakafuni katika nyumba za jadi, paka alalaye jikoni, na kuku walalao ndani kwa kuogopa wezi. Kila kimoja chaweza kumbana mtoto kifua.

Wazazi na wachunguze. Je, mtoto huugua akikaa na mbwa tu, au hata akiamka asubuhi kitandani? Je, hupata nafuu anapolala kwa bibi ambako hakuna mbwa? Wayaandike hayo kwa majuma kadhaa, kisha wampeleke kwa daktari: katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba, au Rubya na Ndolage kwa walio Muleba. Maelezo yaliyoandikwa humsaidia daktari kuliko kumbukumbu za haraka mlangoni.

NAMNA YA KUCHAGUA

Ikithibitika kwamba mtoto ana mzio mwepesi wa mbwa, na daktari hakukataza, yafaa kuyazingatia haya.

Kwanza, chagua jike au dume aliyehasiwa. Iko protini moja itokayo katika tezi dume ya mbwa, na wapo watu ambao mzio wao ni wa protini hiyo pekee. Watu hao hudhurika na dume, wala hawadhuriki na jike.

Pili, asichukuliwe mbwa siku ya kwanza. Mwenye mzio na amtembelee mbwa yule yule anayekusudiwa, kwa mwenyewe, mara kadhaa, nje ya nyumba. Dalili zikitokea hata kidogo, aachwe. Mtoto aliyewahi kulazwa kwa pumu asijaribiwe namna hii bila ushauri wa daktari.

Tatu, patana na mwenye mbwa kwamba utamrudisha iwapo mambo yatakwenda vibaya. Mbwa aliyetupwa barabarani huwa hatari kwa kijiji kizima, hasa kwa kichaa cha mbwa. Kila mbwa achanjwe dhidi ya ugonjwa huo, na chanjo irudiwe kama mtaalamu wa mifugo atakavyoelekeza.

MAHALI PA KULALA

Jambo kubwa kuliko yote ni mahali alalapo mbwa. Kule Kamachumu au Nshamba, penye kibanja kipana, kibanda chake na kijengwe mbali na dirisha la mtoto, na asivuke kizingiti cha nyumba. Mjini, kama Kashai, ambako nyumba zimebanana na uwanja ni mdogo, kazi ni ngumu zaidi. Hapo mlango wa chumba cha mtoto ufungwe daima, na mikeka ianikwe juani.

Mbwa aogeshwe mara mbili kwa juma, kwani protini hurudi baada ya siku chache. Kazi hiyo isifanywe na mwenye mzio, na aifanyaye abadili nguo kabla ya kumpakata mtoto.

Upo utafiti wa Sweden wa mwaka 2015 ulioonyesha kwamba watoto walioishi na mbwa tangu mwaka wao wa kwanza walipata pumu kwa uchache kidogo. Habari hiyo ni njema, lakini isimdanganye mtu: haisemi kwamba mbwa humponya mtoto ambaye tayari ana mzio.

PUMZI KWANZA

Kwa mtoto mwenye pumu kali inayoamshwa na mbwa, hakuna hila itakayofaa. Familia kama hiyo na itafute mlinzi mwingine: ua imara, taa, bata bukini wapigao kelele, au mapatano na jirani mwenye mbwa. Mkungu ulioibwa huuma, lakini mgomba huchipua tena. Baba na mama wakubaliane juu ya hilo mapema, kabla ya usiku ule ambapo mtoto atashindwa kuvuta hewa na hospitali iko mbali.