Rangi ya batiki na wenzake wawili

Juma hili ninajibu barua iliyotoka Tandika, Dar es Salaam. Mwandishi wake ni mama mwenye kikundi cha watu watano wanaotengeneza batiki uani kwake. Anasema viganja vyao vinachubuka na kuwasha, na mmoja wao hukohoa kila siku ya kuchovya vitambaa. Anataka kujua kama rangi wanayonunua Kariakoo ni sumu.

Naona mama huyu anaituhumu rangi peke yake kwa sababu ndiyo inayoonekana. Inatia doa mikononi, inabaki chini ya kucha, inaharibu kanga. Lakini ndani ya beseni lake rangi haiko peke yake. Ina wenzake wawili, weupe wote, na katika madhara anayoyataja wao ndio ningewashuku kwanza.

Tuanze na namna beseni linavyofanya kazi. Rangi inayotumika sana kwa batiki zetu ni unga usioyeyuka katika maji. Uitie ndooni, ukoroge mpaka jioni, itatua chini kama tope. Ili iweze kupenya ndani ya uzi wa pamba, lazima kwanza inyang'anywe oksijeni. Mnyang'anyi ni ule unga mweupe ambao mafundi huuita haidrosi, yaani sodiamu haidrosalfaiti, naye hufanya kazi yake vizuri katika maji makali ya kostiki soda. Hapo rangi inayeyuka, na mara nyingi hubadilika sura. Bluu ya nili, kwa mfano, hugeuka kuwa manjano iliyochanganyika na kijani. Kitambaa kikitolewa na kuanikwa, oksijeni ya hewani inairudia rangi, na bluu inajitokeza huku unatazama. Imekwisha kujifungia ndani ya uzi, ndiyo maana haichuji. Ni kazi ya kupendeza sana kuitazama, sikatai.

Sasa kostiki soda. Hii ndiyo inayotengeneza sabuni ikikutana na mafuta, na akina mama wengi wa vikundi wanaifahamu kwa kazi hiyo. Ngozi ya binadamu nayo ina mafuta. Ukiingiza mkono mtupu katika maji ya kostiki, unahisi vidole vinateleza kama vyenye sabuni. Wengi hudhani ni ulaini wa maji. La hasha, ni mafuta ya ngozi yako mwenyewe yanayogeuzwa. Mara ya kwanza huenda usihisi maumivu, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Tindikali humwashia mtu palepale akaruka. Kostiki inaweza kuendelea kula kimya kimya mpaka chini ya ngozi.

Hatari yake kubwa kuliko zote ni kwa jicho. Tone moja likiruka likaingia jichoni linaweza kuondoa uwezo wa kuona daima, kwa maana haliishii juu, linazidi kuzama. Dawa yake ya kwanza haipo hospitali, ipo uani kwako: maji safi, mengi, yanayotiririshwa polepole juu ya jicho lililofunguliwa kwa vidole, kwa muda usiopungua dakika 20. Mtu apelekwe hospitali baada ya hapo, si kabla. Msimtie siki wala ndimu kwa kudhani mtaiua kostiki, mtaongeza jeraha. Kwa kuwa mitaa mingi maji ya bomba hayatoki kila saa, nawashauri wenye vikundi wasianze kuchovya kabla ya kuweka pembeni ndoo mbili za maji safi na kata yake, ambazo haziguswi kwa kazi nyingine yoyote.

Kuna kanuni moja ya kuchanganya ambayo sharti kila mshiriki wa kikundi aijue. Kostiki hutiwa ndani ya maji baridi, kidogo kidogo, huku unakoroga kwa mti. Maji hayamiminwi juu ya kostiki hata siku moja. Kostiki ikiyeyuka hutoa joto kali, na maji machache juu ya kostiki nyingi huchemka ghafla na kukurukia usoni. Na hapa niongeze jambo la sufuria. Sufuria zetu nyingi za nyumbani ni za alumini, na alumini na kostiki hazipatani. Kostiki huitafuna, maji yanatoa povu na kuchemka bila moto, na gesi ya haidrojeni inatoka, ambayo inashika moto kwa urahisi. Tumieni ndoo au beseni la plastiki nene, na likishatumika kwa batiki lisirudi jikoni, hata lioshwe mara ngapi.

Haidrosi nayo ina tabia yake. Unga huu hauelewani na unyevu. Kijiko chenye maji kikichotea ndani ya kopo, au mfuko ukiachwa wazi siku ya mvua, unga huanza kupata joto wenyewe, na unaweza kuwaka bila mtu kuwasha kiberiti. Kwa hiyo uhifadhiwe mahali pakavu, chombo kifungwe kabisa, kijiko kiwe kikavu. Ukiona kopo limepata moto na kutoa moshi, msilimwagie kikombe cha maji, maana maji machache huchochea. Watu waondoke, waitwe zimamoto kwa namba 114.

Na kile kikohozi cha mwenzake? Haidrosi inapoharibika hutoa hewa yenye harufu kali inayochoma pua, kama ile ya njiti ya kiberiti iliyowashwa sasa hivi. Ni salfa dioksaidi. Kwa mwenye pumu hewa hii inaweza kumfunga kifua katika dakika chache. Hutoka zaidi maji yakiwa ya moto, na hutoka kwa wingi mtu akitia siki au ndimu ndani ya beseni. Anayekohoa kila siku ya kuchovya asiambiwe atazoea. Apewe kazi ya kukata vitambaa au kupiga pasi, na aende akapimwe. Kazi yenyewe ifanyike nje, upepo ukitokea nyuma ya mfanyakazi. Kuchovya ndani ya chumba kwa sababu ya mvua au jua ni kujitafutia balaa. Barakoa ya kitambaa inasaidia kidogo kwa vumbi, lakini hewa hiyo inapita kama vile hakuna kitu.

Baada ya hao wawili, turudi kwa rangi yenyewe, maana sisemi kwamba haina hatia. Zipo rangi za unga za maji baridi, zinazotumiwa na magadi, ambazo vumbi lake likivutwa mara kwa mara linaweza kumfanya mtu apate pumu ya kudumu. Unga upimwe pasipo upepo, na ulowekwe mapema. Zipo pia rangi za jamii ya azo, ambazo baadhi yake zikivunjika hutoa kemikali zinazoleta saratani ya kibofu. Jambo hili si geni. Mwaka 1895 daktari mpasuaji wa Frankfurt, Ujerumani, Ludwig Rehn, alieleza uvimbe wa kibofu aliouona kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2002 katazo la nguo zilizotiwa rangi za azo zinazoweza kutoa kemikali za namna hiyo, na orodha yake ilikuwa na 22. Wanaopeleka batiki Ulaya wajue hilo. Na kwetu, ambako mtu akikojoa damu wa kwanza kushukiwa ni kichocho, ni vema fundi wa batiki amweleze daktari kazi anayofanya na miaka aliyoifanya. Daktari asipoambiwa hatajua.

Kuhusu viganja vinavyochubuka, kuna desturi mbaya ya kuondoa doa kwa jiki, kwa mafuta ya taa, au kwa kuchovya mikono katika haidrosi. Doa linatoka, ni kweli, na ngozi inatoka nalo. Sabuni ya kawaida na subira vinatosha. Glavu zinazofaa ni zile nene za mpira zinazofika karibu na kiwiko. Zile nyembamba za hospitali huchanika kabla ya kitambaa cha tatu. Miwani ya kuzuia maji ni lazima kwa anayechanganya, na viatu vifunike mguu. Ndala hazifai.

Lakini yote haya, wasikilizaji, yanamtaka mtu ajue alichonacho mkononi. Kostiki hutoka kiwandani katika chombo chenye alama: pembe nne yenye mpaka mwekundu, ndani yake mkono na chuma vikiliwa na matone. Haidrosi ina alama ya mwali wa moto. Muuzaji wa rejareja anafungua, anapima kwa kijiko, anafunga ndani ya mfuko wa nailoni. Alama imebaki dukani. Mama anafika nyumbani na vifuko viwili vyeupe, mmoja akiuweka karibu na chumvi. Kostiki iliyokwisha kuyeyushwa humiminwa ndani ya chupa ya soda, na mtoto mwenye kiu hawezi kujua. Akimeza, msimtapishe, kwa sababu kilichounguza koo kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Asukutue kinywa kwa maji, akimbizwe hospitali, na kifuko au kopo lipelekwe pamoja naye.

Tunayo sheria ya mwaka 2003 ya usimamizi na udhibiti wa kemikali za viwandani na majumbani, ambayo iko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Tunayo pia ya mwaka huohuo ya usalama na afya mahali pa kazi, inayomtaka mwajiri awapatie wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Mama mwenye wasichana watatu anaowalipa kwa kitambaa, naye ni mwajiri. Nimeona ua ambamo glavu zilikuwa jozi moja, nazo alizivaa mwenye mali. Wanaoendesha semina za ujasiriamali nao sina budi kuwataja: hufundisha vipimo kwa siku nzima, hatari kwa sentensi moja, kisha picha ya pamoja. Mnunuzi naye ana haki ya kumwambia muuzaji aandike jina la kitu juu ya kifuko. Kalamu haina gharama kubwa.

Mama wa Tandika aliuliza mwishoni maji yaliyobaki ayamwage wapi. Si mtaroni, wanamocheza watoto, wala si kwenye bustani ya mchicha, na kamwe si karibu na kisima. Ayaache wazi usiku kucha ndani ya uzio uliofungwa, haidrosi iishe nguvu kwa hewa, akijua kwamba kostiki bado imo na glavu bado zinahitajika. Kesho yake ayazimue kwa maji mengi, ayamwage katika shimo la maji machafu lililo mbali na maji ya kunywa. Njia iliyo safi zaidi ni karo la kikundi kizima, ambalo vikundi vitatu au vinne vya mtaa mmoja vingeweza kulijenga kwa pamoja. Namshauri aanze kwa kuwauliza majirani zake wanaofanya kazi hiyohiyo.