Ng'ombe na Ndugu Zake

Mtoto wa Kasumulu awapo shuleni husema ng'ombe. Arudipo nyumbani husikia ing'ombe. Basi wako watu wadhanio ya kuwa Kinyakyusa kimelitwaa neno hilo katika Kiswahili na kulitia i mbele, na wengine huthubutu kusema kwamba lugha ya nyumbani ni Kiswahili kilichoharibika. Maneno hayo tumeyasikia mara nyingi, wala si kweli.

Neno hili ni la kale kuliko lugha zote mbili. Ukivuka Mto Songwe na kuingia Malawi, Watumbuka husema ng'ombe. Wabemba wa Zambia husema ing'ombe, sawasawa na Wanyakyusa. Wakikuyu na Wasukuma husema ng'ombe. Na mbali sana, kwenye pwani ya magharibi, Wakongo husema ngombe, na Waherero wa Namibia ongombe. Mherero hakuja Kyela kufundishwa kukamua! Lugha hizi ni za ukoo mmoja, ambao Mjerumani Wilhelm Bleek aliuita Bantu katika kitabu chake cha mwaka 1862.

Twautambuaje undugu, tukautenga na kuazima? Kwa kuzisikiliza sauti. Wanyakyusa husema abandu babili, Waswahili watu wawili. Kule ingulube, huku nguruwe. Penye b ya Kinyakyusa twaona w ya Kiswahili tena na tena, isipokuwa b ifuatapo m, kama katika imbwa na mbwa. Lakini kitabu, neno lililotoka Uarabuni, kwa Kinyakyusa ni ikitabu: b imebaki b, kwa kuwa neno hilo ni mgeni aliyefika juzi.

Hata Ulaya ni vivyo hivyo. Mwingereza humwita ng'ombe jike cow, Mjerumani Kuh, Mholanzi koe, Mswidi ko. Tena Mwingereza ahesabupo two na ten, Mjerumani husema zwei na zehn. T ya huyu ni z ya yule. Wala hakuna amwambiaye Mwingereza kwamba asema Kijerumani kibovu.

Walakini ndugu hawafanani kwa kila kitu. Waganda humwita ng'ombe ente, na Wanyarwanda inka, nao ni Wabantu kama sisi. Na lau Wanyakyusa wangalimwazima ng'ombe kwa Waswahili, tungalitazamia mbuzi naye aje katika kundi lile lile. Lakini mbuzi kwao ni imbene.