Migomba ya milimani: tusiikate mbele ya wakati



Kila tukipanda Lubero, swali ni lile lile: « Migomba yetu iko na miezi 14, hatujaona mkungu. Tuing'oe? » Wengine hawangoji jibu. Tunakuta wamekwisha kukata na kupanda viazi. Inatuuma, juu pengine migomba ile ilibakiza miezi michache tu.

Tuelewane kwanza. Mgomba hautoi ua mpaka umalize kutoa majani yake, karibu 30 mpaka 40. Kwenye joto, jani jipya linatoka kila siku 7 mpaka 10. Joto likishuka karibu na digrii 15, majani yanasimama karibu kabisa. Na kila tukipanda mita 1 000, joto linapungua karibu digrii 6. Ndiyo maana mgomba ambao kule Beni unazaa ndani ya mwaka mmoja, huku juu ya mita 1 800 unaweza kuchukua mwaka na nusu, hata miaka miwili. Si ugumba, wala jirani hajauroga.

Basi hesabuni majani. Funga kamba kwenye jani jipya, andika tarehe, ngoja lingine litoke. Zikipita wiki nyingi, mgomba unasikia baridi ama njaa. Baridi hatuwezi kuifukuza, lakini njaa tunaiweza: mbolea ya ng'ombe, majani makavu kwenye shina, na kupunguza machipukizi. Acha mama, mtoto mmoja na mjukuu mmoja. Tunajua inaumiza roho kung'oa chipukizi zuri, lakini yote yanakula kwenye sahani moja.

Bondeni tusipande, usiku hewa ya baridi inashuka na kulala huko. Katikati ya mteremko ni bora, ama nyuma ya nyumba, fasi upepo haupasui majani.

Kuhusu mbegu: makemba ya Beni yanapenda joto, tuyaache huko. Chukua machipukizi kwa jirani wa kilima chako, kwenye shina ambalo limekwisha kuzaa na halina ugonjwa. Ule mnyauko ulioonekana mara ya kwanza katika nchi yetu huko Masisi, mwaka 2001, unasafiri ndani ya machipukizi. Huku juu wadudu wanaoubeba kwenye maua ni wachache, lakini panga linafanya kazi yao. Mbele ya kupita kwenye shina lingine, lipitishe kwenye moto mpaka lichome mkono.