Stika za Vinaili: Karatasi, Gundi na Jua la Nakuru

Stika ya vinaili ina tabaka tatu: utando mwembamba wa plastiki ya PVC, gundi iliyopakwa mgongoni mwake, na karatasi laini inayoilinda gundi hadi siku ya kubandika. Mnunuzi hutazama picha na maandishi, ilhali uhai wa stika unategemea utando na gundi. PVC kwa asili ni ngumu, ndiyo hiyo hiyo ya mabomba ya maji. Mwaka 1926 Waldo Semon wa kampuni ya B.F. Goodrich, Marekani, aligundua namna ya kuilainisha kwa kemikali. Mwaka 1935 Mmarekani mwingine, R. Stanton Avery, akaanza kutengeneza lebo zinazojibandika zenyewe.

Utando wenyewe ni wa namna mbili. Ule wa bei nafuu hutengenezwa kwa kuminya na kuvuta plastiki ya moto kati ya rola hadi iwe bapa. Kwa kuwa umevutwa kwa nguvu, hutaka kujirudi: baada ya muda kingo zake husinyaa na kuacha ukanda wa gundi unaonasa vumbi. Namna ya pili hutengenezwa kwa kumwaga PVC ya majimaji na kuioka. Huo ni mwembamba zaidi, takriban maikroni 50, hausinyai sana, na hulala vizuri juu ya mabonde na vilima vya bodi ya gari. Wa kwanza, ukiwa wa daraja la chini, hudumu miaka miwili au mitatu nje. Wa pili unaweza kufika saba na kuendelea. Hata hivyo, makadirio hayo hupungua mahali penye jua kali. Nakuru iko karibu na ikweta, tena mwinuko wake ni kama mita 1,850, ambako miale ya urujuanimno hupenya kwa nguvu kuliko pwani. Stika ya boneti, inayotazama jua moja kwa moja, hupauka mapema kuliko ya mlangoni. Kubandika utando wa bei nafuu kwenye bodi yenye mikunjo si kuokoa pesa, ni kulipa mara mbili.

Kuna stika za kuchapishwa na za kukatwa. Ya kuchapishwa hutoka kwenye printa kubwa ikiwa na picha ya rangi zote, kisha hufunikwa kwa tabaka angavu la kuzuia mikwaruzo na jua. Ikikosa tabaka hilo, wino hauchelewi kufifia. Ya kukatwa haina wino. Mashine hukata herufi kwenye vinaili ya rangi moja, fundi hung'oa mabaki, halafu herufi huhamishwa zote pamoja kwa karatasi ya kubebea. Majina ya sacco na njia kwenye matatu za Nakuru, Njoro na Molo mara nyingi ni ya aina hii, nayo hudumu kwa sababu rangi imo ndani ya plastiki yenyewe.

Matatu zina historia yake. Kanuni za Waziri wa Uchukuzi wa Kenya, John Michuki, zilizoanza kutumika Februari 2004, zilidai mstari wa manjano ubavuni na kufuta michoro. Marufuku ya michoro ililegezwa muongo mmoja baadaye. Kwa kioo cha nyuma hutumika vinaili yenye matundu madogo, ambayo huonyesha picha kwa walio nje huku aliye ndani akiendelea kuona barabara. Mwenye gari la abiria na awe mwangalifu, kwani kanuni za trafiki zinakataza vioo vya giza.

Aina yenye umuhimu kuliko zote ni ya kuakisi mwanga. Ndani yake mna shanga ndogo mno za kioo, au vipembe vidogo vya plastiki, vinavyorudisha mwanga kule ulikotoka, yaani kwenye taa za gari na macho ya dereva wake. Malori yanayopanda kutoka Nakuru kwenda Salgaa na Mau Summit hubeba nyuma yake mistari ya mshazari ya nyekundu na manjano. Lori likiharibika usiku na taa zikazimika, mistari hiyo ndiyo inayomwonya dereva anayekuja. Vinaili ya kawaida ya manjano inaweza kuuzwa kama ya kuakisi, na mchana zinafanana. Washa tochi ya simu karibu na jicho, simama mbali kidogo gizani: ile ya kweli itawaka.

Kwa madirisha ya duka kuna utando unaojishika kwenye kioo bila gundi, unaofaa matangazo ya msimu, na ule wa ukungu unaositiri ofisi.

Gundi nyingi hazishiki vizuri chini ya nyuzijoto 10 hivi, kwa hiyo asubuhi ya baridi ya Molo si wakati wa kubandika. Bodi isafishwe vumbi na mafuta, na stika ilazwe kuanzia katikati kwenda kingoni ili hewa itoke. Wakati wa kuibandua, ipashe moto kwa mashine ya upepo wa moto na uivute taratibu, kisha ufute gundi kwa spiriti. Wembe usiguse bodi, kwani gundi hutoka lakini mkwaruzo hubaki.