Gesi Ajizi katika Vimondo: Ushahidi wa Vumbi Lililotangulia Jua

Tarehe 28 Septemba 1969, mawe meusi yenye kaboni yalianguka kutoka angani karibu na mji wa Murchison, Australia. Swali linalotuhusu hapa ni hili: wataalamu walijuaje kwamba ndani ya mawe kama hayo mna vumbi lililotangulia Jua letu?

Jibu limo katika isotopu, yaani atomu za elementi moja zinazotofautiana kwa uzito. Katika hewa yetu, sehemu tisa katika kumi za neoni ni neoni-20. Neoni ni mojawapo ya gesi ajizi, ambazo Wafaransa huziita gesi adimu. Kwa kuwa haziungani kwa urahisi na elementi nyingine, mawe huwa na kiasi kidogo mno cha gesi hizo. Kwa hiyo hata gesi ngeni iliyo kidogo hudhihirika.

Mwaka 1975, Lewis, Srinivasan na Anders wa Chicago walieleza jinsi walivyoyeyusha kwa asidi kimondo cha Allende, kilichoanguka Mexico mwaka 1969. Masalio hayakufika asilimia moja ya jiwe, lakini yalihifadhi karibu zenoni yote. Anders alilinganisha njia hiyo na kuchoma rundo la nyasi ili kuipata sindano. Mwaka 1987 ilibainika kwamba miongoni mwa masalio ya namna hiyo mna almasi ndogo sana. Baadaye kabidi ya silikoni na grafiti zilichunguzwa vilevile.

Baadhi ya chembe za grafiti zina neoni-22 iliyo karibu halisi. Chimbuko lake ni sodiamu-22, ambayo nusu yake huoza katika miaka 2.6 tu, basi chembe hizo ziliganda karibu na nyota iliyoizalisha. Nayo nitrojeni yatoa ushahidi wake: hewani kuna nitrojeni-14 zipatazo 272 kwa kila nitrojeni-15 moja, bali katika chembe nyingi za kabidi uwiano huo huwa mkubwa zaidi, kama inavyotarajiwa katika nyota zilizozeeka.

Mwaka 2020, neoni-21 iliyozalishwa na miale ya angani ilionyesha kwamba chembe kongwe kabisa za Murchison zina umri unaofikia miaka bilioni 7 hivi, hali Jua lina bilioni 4.6. Dalili ya mvua ni mawingu. Na dalili ya nyota zilizokwisha kuzimika ni punje ya gesi iliyofungwa jiweni.