Kinanda Hakisomi Kwenye Kompyuta: Tuanzie Wapi?

Katika parokia nyingi za Mbeya na Iringa, walimu wa kwaya wameanza kuacha kalamu na rula. Mwalimu anachomeka kinanda kwenye kompyuta, anapiga sauti ya kwanza, na nota zinajipanga kwenye skrini tayari kutolewa nakala za mazoezi. Halafu siku moja kinanda hakisomi. Pentekoste imebaki wiki moja, na kamati ya kwaya inaanza kuzungumzia mchango wa kununua kinanda kingine. Tunaomba mchango huo usubiri kwanza. Mara nyingi kinanda ni kizima na kompyuta ni nzima. Kinachokosekana ni draiva.

Draiva huyu si dereva wa Hiace ya Mwanjelwa, ingawa jina limetoka kulekule. Ni programu ndogo inayokaa kati ya kompyuta na kifaa, kama mkalimani. Vinanda vingi vya bei ya kawaida havipeleki sauti kwenye waya wa USB. Vinapeleka ujumbe wa MIDI, lugha ambayo watengenezaji wa vyombo vya muziki waliikubali mwaka 1983. Ujumbe wenyewe ni mfupi: nota namba 60 (yaani C ya kati) imebonyezwa, kwa nguvu kiasi hiki, sasa imeachiwa. Kwa hiyo ukifungua Audacity ili urekodi kinanda kupitia waya huo na ukakuta kimya, usiilaumu draiva. Audacity hurekodi sauti, na hapo hakuna sauti iliyopita.

Tangu mwaka 1999 kuna utaratibu wa pamoja wa kupitisha MIDI kwenye USB, na kinanda kinachoufuata husomwa na Windows, macOS au Linux bila kusakinisha chochote. Ndiyo maana tunashauri kuanza na waya. Tundu la kinanda likiwa la mraba, waya wake ni uleule wa printa: azima wa ofisi ya parokia ujaribu. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye kigawanyio, na hakikisha kinanda kimewashwa.

Kama bado, bofya kulia alama ya Windows na ufungue "Device Manager". Jina la kinanda likionekana kwenye orodha ya vifaa vya sauti bila alama yoyote, draiva ipo, na tatizo liko kwenye programu ya nota. Pengine kinanda hakijachaguliwa katika mipangilio yake. Au programu nyingine imekishika: katika Windows, draiva nyingi za MIDI huhudumia programu moja tu kwa wakati mmoja. Mtu amefungua MuseScore, huku nyuma yake Finale (ambayo uendelezaji wake ulisitishwa mwaka 2024, lakini bado imo kwenye kompyuta nyingi za kwaya) iko wazi tangu asubuhi. Funga zote, fungua moja. Hili husahaulika kuliko yote.

Ukiona pembetatu ya njano, bofya jina hilo mara mbili usome namba ya kosa. Namba 28 maana yake draiva haijasakinishwa. Namba 10 maana yake kifaa kimeshindwa kuanza. Iondoe draiva, zima na washa kompyuta, kisha sakinisha upya.

Draiva itoke kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kinanda, si kwa programu zinazojitangaza kusasisha draiva zote kwa mkupuo, wala flashi iliyozunguka kila steshenari ya mjini. Huko ndiko virusi vinakookotwa, na kazi za kwaya za miaka mingi zikapotea kwa siku moja. Tafuta kwa namba ya modeli iliyoandikwa chini ya kinanda, na uchague toleo la Windows yako, biti 32 au 64. Parokia iliyo ndani ya Kilolo au Chunya, ambako mtandao ni wa kuupandia kilimani, ipakuliwe draiva mjini na kupelekwa kwa flashi safi. Kwa kawaida unachomoa kinanda kwanza, unasakinisha ukiwa na akaunti ya msimamizi, unazima na kuwasha kompyuta, ndipo unachomeka. Mtengenezaji akielekeza vinginevyo, mfuate yeye. Baada ya hapo zoea tundu lilelile, kwani Windows inaweza kukiona kinanda hichohicho kuwa kigeni kikihamishiwa tundu jingine.

Malalamiko mengine ni sauti ya kompyuta kuchelewa kila ubonyezapo. Hapo draiva ya MIDI haihusiki. Ni draiva ya sauti. Kompyuta isiyo na draiva ya ASIO inaweza kusaidiwa na ASIO4ALL, ambayo ni ya bure. Kisha punguza bafa: kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 2,048 huchelewesha sauti kwa takriban milisekunde 46, na ya 256 kwa takriban 6. Sauti ikianza kukwaruza, pandisha kidogo. Na kama kazi ni kuchapa nota tu, nyamazisha kompyuta na usikilize spika za kinanda chenyewe.